Mjadala: Porto hadi Santiago, njia ya Pwani ni hija au ni matembezi ya ufukweni?

Mleta mada
Tumsifu Yesu Kristu. Vikundi vya parokia vinavyopanga kwenda kwa miguu kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo, Santiago de Compostela, kuanzia Porto nchini Ureno, hukwama kwenye swali moja: Kati au Pwani? Njia ya Kati ina kama kilomita 240, kupitia Barcelos, Ponte de Lima na Tui. Ya Pwani ina kama 280, kupitia Vila do Conde, Viana do Castelo, Caminha, Baiona na Vigo. Zinakutana Redondela. Mwaka 2024 waliopata Compostela, yaani cheti cha hija, kwa njia ya Pwani walizidi 70,000.

Msimamo wangu: kikundi cha hija kiende Kati. Huko kuna kanisa la kale la São Pedro de Rates, daraja la Ponte de Lima, na kile kilima cha Labruja cha mita 400 hivi kinachomfanya mtu asali kweli. Pwani watu wanafuata mandhari. Karibuni kwa hoja.

#2
Milele amina. Mkuu, kwa mapokeo yenyewe mwili wa Yakobo ulifika Galicia, jimbo la Hispania ulipo mji wa Santiago, kwa chombo cha baharini, na jiwe kilipofungwa linaonyeshwa hadi leo chini ya altare ya kanisa la Padrón. Bahari ina ugeni gani hapo? Viana do Castelo, kila Agosti, wavuvi huipeleka baharini sanamu ya Mama Yetu wa Agonia kwa maandamano ya boti. São Bartolomeu do Mar, karibu na Esposende, mwezi huo huo wazazi huzamisha watoto wao kwenye mawimbi kwa heshima ya Mtakatifu Bartolomayo. Hiyo ni ibada ya watu wa pwani, na ni ya miaka mingi.

Wanaokwenda Namugongo, Uganda, kwa miguu kila Juni hutoka majimbo mbalimbali kwa barabara mbalimbali, na hakuna anayewapima kwa barabara waliyopita.

#3
Mnabishana juu ya njia mbili wakati ziko tatu. Pwani kuna njia rasmi yenye mishale ya njano, halafu kuna Senda Litoral inayoambaa na maji kwenye njia za mbao. Picha nyingi mnazoziona mtandaoni ni za Senda. Njia rasmi mara nyingi iko ndani kidogo, vijijini na kwenye misitu ya mikalitusi.

Mfano ni kati ya Esposende na Viana. Njia rasmi inavuka mto Neiva kwenye kivuko cha mawe, chini ya miti, kisha inapanda hadi Castelo do Neiva. Kanisa la pale lina maandishi ya mwaka 862 ya kuwekwa wakfu kwa Mtakatifu Yakobo, yanayotajwa kuwa ya kale kuliko yote nje ya Hispania. Anayeng'ang'ania mbao anapita huko chini, halioni. Kwa hiyo mimi nasema Pwani, tena ile rasmi. Senda iwe ya vipande tu, hasa kutoka Matosinhos hadi Vila do Conde.

Ubaya wa mbao haumo kwenye imani, umo miguuni. Asubuhi zina umande na zinateleza. Ncha ya chuma ya fimbo inazama kwenye mwanya na kukuvuta bega, kwa hiyo vaa kifuniko cha mpira. Mchanga unaingia kwenye viatu vya wavu, unasaga kisigino, na kufikia mchana malengelenge yameshatoka. Vua viatu na kukung'uta soksi kila baada ya saa mbili, hata kama huhisi kitu.

Halafu kuna upepo. Kiangazi hutoka kaskazini, nanyi mnaelekea kaskazini, kwa hiyo ni mbisho mtupu, na alasiri ndipo unapokaza. Ondokeni alfajiri. Jua liko nyuma yenu na upepo unapoza uso, hivyo shingo na nyuma ya miguu huungua bila mtu kujua.

#4
Hakuna aliyegusa Caminha, na ndipo vikundi vinapokwama. Mto Minho ndio mpaka wa Ureno na Hispania, na hapo Caminha daraja hakuna; la kwanza liko juu ya mto, Vila Nova de Cerveira. Pantoni kubwa imesimama mara kwa mara kwa sababu mlango wa mto umejaa mchanga. Mnategemea boti ndogo, zinazochukua watu wachache na kufuata maji: yakipwa sana au bahari ikichafuka, haziendi. Kikundi cha watu 30 kinavuka kwa mafungu, kwa hiyo wekeni nafasi siku moja kabla. Na Hispania iko mbele kwa saa moja. Mkivuka saa tisa alasiri, ng'ambo ni saa kumi.

Mleta mada
Hilo la Neiva nimelipokea. Lakini boti ikikosekana si tunapoteza siku nzima?

#4
La. Kutoka Caminha fuateni mto upande wa Ureno hadi Valença, karibu kilomita 30 za tambarare, vukeni daraja kwenda Tui, mko kwenye njia ya Kati. Wazee wapande treni, ipo.

#5
Na wenye siku chache? Vigo hadi Santiago zinatosha zile kilomita 100 zinazotakiwa ili kupata cheti?

#3
Ni 100 za kubana mno. Anzieni Baiona, mnapata zaidi ya 120, na mgonge mihuri miwili kwa siku kwenye kitabu cha hija. Mkitoka Vigo fuateni Senda da Traída, njia ya bomba la zamani la maji, tambarare juu ya ghuba. Redondela lalieni hosteli binafsi mliyoweka nafasi mapema: za serikali ya Galicia hazipokei oda, na pale ndipo watu wa njia zote mbili wanapogombania vitanda.