Ruta ya 4G nyumbani: taa za mawimbi zimejaa, lakini mtandao unakatika na usiku hauendi

Mkazi wa Madale

Habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Ninaomba msaada kuhusu intaneti ya nyumbani inayotumia ruta ya 4G yenye laini ya simu. Nyumba yetu iko Madale, Dar es Salaam, juu ya kilima, katika mtaa ambao faiba bado haijafika, kwa hiyo ruta hii ndiyo njia pekee tuliyo nayo. Mimi hufanya kazi ya uhasibu nikiwa nyumbani na karibu kila siku huwa na vikao vya video, ilhali watoto nao hutumia mtandao huo huo kwa masomo na kwa kutazama video.

Tatizo lina sura mbili, na sina hakika kama chanzo chake ni kimoja. Kwanza, wakati wowote wa mchana mawasiliano hukatika kwa muda wa kama nusu dakika, kisha hurudi yenyewe bila mtu kugusa chochote. Nikiwa kwenye kikao, picha huganda, sauti yangu hupotea, na mara nyingine hutolewa kabisa. Pili, kuanzia saa mbili usiku hadi karibu saa tano, kasi hushuka hadi megabiti mbili kwa sekunde, ilhali alfajiri ruta hiyo hiyo hunipa zaidi ya thelathini. Linalonishangaza ni kwamba taa za mawimbi huwa zimewaka zote muda wote. Huduma kwa wateja huniambia nizime ruta na kuiwasha, na jibu la mwisho lilikuwa kwamba mnara hauna hitilafu.

Ruta imewekwa sebuleni kando ya televisheni. Nyumba ina paa la bati na madirisha ya alumini yenye grili za chuma. Mume wangu anashauri tununue ruta ya bei kubwa zaidi, jirani anasema tufunge antena ya nje, na mimi nimeanza kufikiria kuhamia kampuni nyingine. Kabla ya kutoa fedha, ningependa kujua tatizo liko wapi hasa.

Waya Kwanza

Dada, usinunue chochote bado. Mawasiliano yako yana vipande viwili: kutoka kompyuta hadi kwenye ruta, na kutoka ruta hadi kwenye mnara. Watu wengi hulaumu kampuni ya simu kumbe kilichokatika ni Wi-Fi ya ndani, na wengine hununua vifaa vya kuongeza Wi-Fi kumbe hitilafu iko nje.

Chukua kebo ya mtandao, uunganishe kompyuta na ruta moja kwa moja, kisha fungua madirisha mawili ya kuandikia amri kwenye kompyuta. Katika la kwanza tuma ping (ujumbe mfupi unaopima kama kifaa kinajibu, na baada ya muda gani) mfululizo kwenda kwenye anwani ya ruta yenyewe, ambayo mara nyingi ni 192.168.8.1 au 192.168.1.1 na imeandikwa kwenye kibandiko chini ya kifaa. Katika la pili tuma ping kwenda 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Yaache yote mawili yaendelee wakati ukifanya kazi. Mtandao ukikatika huku ruta ikiendelea kujibu kwa milisekunde moja, basi kilichokatika ni upande wa mnara. Ruta yenyewe ikiacha kujibu, tatizo ni la ndani, na hapo angalia kwenye ukurasa wake wa usimamizi (unaofunguka ukiandika anwani hiyo ya ruta kwenye kivinjari) muda ambao imekuwa hewani tangu iwashwe. Ukikuta muda huo umeanza upya, ujue ruta inajizima: ama adapta imechoka, ama volti za umeme hushuka ghafla jokofu au pampu ya maji inapoanza kufanya kazi.

Abiria wa Mbagala

Mimi nadhani ni nyaya za baharini. Kila mwaka tunasikia zimekatika, na intaneti ya nchi nzima huwa nzito.

Fundi wa Masafa

Ndugu Abiria, hilo hutokea kweli, lakini halifanani na analolieleza dada. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, Tanzania nzima na nchi jirani ziliathirika kwa wakati mmoja, mchana na usiku, bila kujali mtu anatumia laini gani. Waya wa baharini haukatiki saa mbili usiku na kujiunga saa tano. Kasi inayoshuka kwa saa maalumu kila siku ni dalili ya msongamano kwenye mnara wa mtaani. Dada athibitishe pia kwamba kifurushi chake hakina kipengele cha kupunguza kasi baada ya matumizi fulani. Hata hivyo, kipengele hicho kikishaanza kazi hupunguza kasi saa zote hadi kifurushi kifike mwisho, wala hakimpi mtu nafuu ya alfajiri.

Sasa kuhusu taa za mawimbi, ambazo kwa maoni yangu zimepotosha watu wengi kuliko kitu kingine chochote kwenye ruta. Taa hizo huonyesha nguvu ya mawimbi tu, yaani kipimo kinachoitwa RSRP, wala hazisemi lolote kuhusu usafi wake. Ingia kwenye ukurasa wa usimamizi wa ruta, tafuta sehemu ya taarifa za kifaa au za mtandao, na uandike mambo manne: RSRP, SINR, namba ya bendi (fungu la masafa ambalo ruta inatumia), na namba ya seli (eneo linalohudumiwa na upande mmoja wa mnara), ambayo mara nyingi huandikwa PCI. RSRP husomwa kwa namba hasi: karibu na -80 ni nguvu nzuri sana, -100 ni hafifu, na ikivuka -110 unang'ang'ania tu. SINR hulinganisha mawimbi unayoyahitaji na makelele yanayoyazunguka: ikizidi 20 ni bora, kati ya 13 na 20 ni nzuri, na ikikaribia sifuri maana yake makelele yana nguvu sawa na mawimbi yenyewe. Hali hiyo ni kama kuzungumza na mtu aliye karibu nawe katikati ya ngoma. Unamsikia anapaza sauti, lakini maneno hayashikiki.

Nauliza hivyo kwa sababu umesema uko juu ya kilima. Watu hudhani kilima ni baraka, na kwa redio ni kweli, lakini kwa 4G nyumba iliyo juu huona minara mingi kwa pamoja, na yote hutumia masafa yale yale. Mnara mmoja usipokuwa na nguvu ya wazi kuliko mingine, ruta hubaki ikihamahama. Kwa kawaida kuhama kutoka seli moja kwenda nyingine hakukati mawasiliano, lakini SINR ikiwa mbaya maagizo ya kuhama hupotea njiani, ruta hujikuta haina seli, na huanza upya kutafuta na kujisajili. Nusu dakika unayoieleza inalingana na hilo.

Andika namba hizo mchana, kisha uziandike tena usiku.

Mkazi wa Madale

Ahsanteni sana kwa kuchukua muda wenu. Nimefanya kama mlivyoelekeza.

Kwa kebo, ruta hujibu milisekunde moja muda wote, hata pale 8.8.8.8 inapoacha kujibu, na muda wa ruta kuwa hewani haujaanza upya hata mara moja. Kifurushi hakina kipengele cha kupunguza kasi. Ruta ikiwa pale sebuleni, RSRP ni -84 na SINR hucheza kati ya 1 na 4. Bendi haitulii: mara ni 3, mara ni 28, na namba ya seli hubadilika kati ya tatu tofauti. Kila mtandao ulipokatika nilikuta namba ya seli imebadilika. Usiku, kasi inaposhuka kabisa, bendi huwa ni 28.

Fundi wa Masafa

Ruta yako ni nzima, dada, na mume wako abaki na fedha zake kwa sasa. RSRP ya -84 pamoja na SINR ya 1 ni picha kamili ya nyumba inayosikia minara mingi mno.

Nianze na bendi. Bendi ya 28 ni masafa ya megahezi 700, ambayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, iliyapiga mnada kwa mara ya kwanza mwaka 2018. Masafa ya 700 husafiri mbali na hupenya kuta vizuri, kwa hiyo simu zote zilizo ndani ya nyumba za mtaa mzima hukimbilia huko. Lakini upana wake ni mdogo. Seli yenye upana wa megahezi 10 na antena mbili za kawaida kwa kawaida hutoa megabiti 75 hivi kwa sekunde katika hali bora, na hizo hugawanywa kwa kila mtu aliye upande huo wa mnara. Usiku watu wakisharudi kutoka kazini na kuwasha video, hesabu yake unaiona mwenyewe. Bendi ya 3, yaani megahezi 1800, haipenyi kuta vizuri, lakini ikipewa upana wa megahezi 20 uwezo wake ni mara mbili.

Kwa hiyo fanya mambo mawili, na yote hayana gharama. La kwanza, toa ruta sebuleni. Zunguka nayo nyumba nzima ukiwa na waya mrefu wa umeme, uiweke kwenye kila dirisha, usubiri dakika chache mpaka namba zitulie, na uandike SINR ya kila mahali. Usitafute mahali penye taa nyingi. Tafuta mahali ambapo nyumba yenyewe inageuka ukuta kati ya ruta na minara usiyoitaka. Bati na grili, ambavyo kila mtu huviona kama adui, hapa vinaweza kukusaidia. La pili, ukishapata mahali hapo, ingia kwenye mipangilio na ufunge ruta kwenye bendi ya 3 peke yake. Baadhi ya ruta zinazotolewa na kampuni za simu zimefichwa mpangilio huo, na kama yako ni mojawapo, badiliko la mahali litabeba mzigo mkubwa zaidi.

Antena ya nje iache iwe hatua ya mwisho, na ikifikia hapo, iwe ile inayoelekea upande mmoja, si ile ya kupokea pande zote, kwa sababu hiyo ya pili ingekuongezea kelele zile zile. Pia waya wake uwe mfupi na mnene. Nimeona watu wakifunga antena nzuri juu ya bomba refu kisha wakashusha mita nyingi za waya mwembamba, na kila walichokipata juu kikaishia njiani. Vile vifaa vya kukuza mawimbi vinavyouzwa mitaani usiviguse: hurusha mawimbi kwenye masafa ya kampuni na huweza kuvuruga mnara kwa jirani zako wote, wala havisafishi SINR, kwa kuwa hukuza mawimbi pamoja na makelele yake.

Mama wa Shangani

Naunga mkono suala la kuhamisha ruta. Sisi tunaokaa Mji Mkongwe, Unguja, tuna kuta za mawe na chokaa zenye unene ambao mafundi wa mitandao huukuta na kukaa kimya; bila kuweka ruta dirishani hakuna 4G inayoingia, na kisha Wi-Fi yenyewe haitoki chumba hicho kwenda cha pili isipokuwa kwa kebo. Dada akihamisha ruta chumba cha nyuma, apange mapema jinsi ya kurudisha mtandao sebuleni, na asitegemee Wi-Fi ya gigahezi 5 kupita kuta nyingi.

Niongeze jambo ambalo halijaguswa. Vikao vya video huharibika pia pale njia ya kupakia inapojaa, hata kama kasi ya kupakua ni nzuri. Simu za watoto zikianza kupeleka picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni, data hujipanga foleni ndani ya ruta, na ping ya milisekunde 40 hupanda hadi kuzidi sekunde nzima. Tazama ping yako wakati simu zote zimezimwa Wi-Fi, kisha uziwashe. Ukiona tofauti kubwa, weka kwenye ruta ukomo wa kupakia kwa kila kifaa, au agiza simu zipeleke picha zao alfajiri.

Mkazi wa Madale

Ninarudi na matokeo. Mahali pazuri pamepatikana kwenye dirisha la chumba cha kulala cha nyuma, upande wa bondeni, ambako sikutegemea kabisa. RSRP hapo imeshuka hadi -97, na taa mbili zimezimika, lakini SINR imepanda hadi 14 na haichezi. Ruta yangu ilikubali kufungwa kwenye bendi ya 3, na tangu wakati huo namba ya seli ni moja tu. Vikao havikatiki tena. Mume wangu ametazama zile taa mbili zilizozimika kwa mashaka makubwa, nami nimemwachia ping ijitetee.

Usiku hali imekuwa nafuu lakini haijapona: kasi ipo kati ya megabiti nane na kumi na mbili, ambayo inatosha kwa kikao kimoja na video moja, si zaidi. Ushauri wa Mama wa Shangani nao ulikuwa sahihi, kwani simu ya mwanangu mkubwa ilikuwa ikipakia video kila inapochajiwa, na sasa ina ukomo. Je, kuna lolote la kufanya kuhusu usiku?

Fundi wa Masafa

Kutoka -84 hadi -97 nguvu ya mawimbi imepungua karibu mara ishirini, na bado unafanya kazi vizuri zaidi. Waonyeshe huduma kwa wateja.

Kiasi cha usiku kilichobaki ni msongamano wa kweli wa seli hiyo, na hakuna mpangilio wa ruta unaouondoa. Kabla ya kuhama, azima laini ya data ya kila kampuni inayofika hapo, uiweke kwenye ruta hii hii, mahali hapo hapo, na upime saa tatu usiku, si mchana. Kila laini utakayoijaribu ifungulie bendi zote kwanza, kwa kuwa kampuni nyingine huenda ina nafasi kwenye masafa tofauti na 1800. Ukikuta wote wako sawa, baki ulipo, na malalamiko yako kwa kampuni yaandike kwa namba: bendi, namba ya seli, SINR ya 14, na kasi ya saa tatu usiku ikilinganishwa na ya alfajiri. Malalamiko ya namna hiyo hayajibiwi kwa kuambiwa zima na uwashe. Hupelekwa kwa wahandisi wanaopanga uwezo wa mnara.