Nimeitwa boga ambalo hata kindi wamelikataa, mbele ya mtoto wangu

Mlinzi wa Yadi ya Kwanza (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, ninaandika usiku huu wa tarehe 31 Oktoba 2024 nikiwa bado nimevaa jezi, na sitalala kabla sijalisema jambo hili. Yule kamishna (msimamizi) wa ligi yetu ya fantasi (kila mmoja wetu huchagua wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani), ambaye sina haja ya kumtaja kwa kuwa kila mtu wa Dallas anayesema Kiswahili na kufuatilia NFL, ile ligi ya futiboli ya Marekani, anamfahamu kwa kicheko chake, ameipanga timu yangu ya 12 kati ya timu 12 katika orodha yake ya vitisho vya Halloween, na akaiita boga lililooza mlangoni ambalo hata kindi wamelikataa.

Hata kindi. Kindi wa Texas hawana wanachokiacha. Wanakula chakula cha ndege, wanatafuna nyaya za magari, mwaka jana walikula zulia la mlangoni kwangu wakaacha pindo tu, lakini boga langu, kwa maneno ya bwana yule, limewashinda.

Tulikuwa tumekusanyika kwa dada mmoja tunayemheshimu sote kutazama Texans wa Houston wakicheza na Jets wa New York, na watoto walikuwa wamesharudi na mifuko yao ya peremende. Muda mfupi kabla ya saa moja na robo, bwana yule alizima taa, akajimulika tochi chini ya kidevu, akaanza kusoma orodha kutoka juu kwenda chini. Nafasi ya kwanza alijipa mwenyewe, akajiita Zimwi. Wakafuata mnyonya damu, mbwa mwitu wa mbalamwezi, Popobawa, maiti iliyofungwa sanda, mifupa mitupu na wengine, kila mmoja akishangiliwa. Alipofika wa 11 sikuwa nimetajwa bado, na kijasho kilianza kunitoka. Huyo wa 11 ni timu iliyoshinda mara 1 tu katika wiki 8, ambayo mwenyewe aliitelekeza wiki mbili mfululizo akiwa amewapanga wachezaji ambao timu zao zipo mapumzikoni wiki hiyo, na hiyo ikaitwa mzuka, kitu ambacho walau kinatisha. Kisha akanyamaza, akanigeuzia tochi usoni, akaitamka ile sentensi ya kindi polepole, neno moja baada ya jingine, kama anayesoma hukumu.

Kicheko kile nina hakika kilisikika mpaka Fort Worth. Mke wangu alicheka. Mwanangu wa miaka sita, aliyekuwa amevaa mavazi ya mifupa, alinivuta suruali akaniuliza: "Baba, kwa nini kindi hawakulitaka?" Mzazi anajibu nini hapo?

Nimeshinda mara 4 na kushindwa mara 4. Katika msimamo wa ligi ni wa 6, yaani leo hii nimo katika mtoano, na kwa jumla ya pointi nilizofunga ni wa 3. Msimamo ni hesabu, hauwezi kumwonea mtu, lakini orodha ya nguvu za timu ni maoni ya mtu mmoja mwenye tochi. Na mtu huyo alinishindaje Jumapili iliyopita? Nilikuwa mbele yake kwa pointi 3.40, hakuna kati yetu aliyebakiwa na mchezaji mwingine, na saa ya mchezo wa Washington na Chicago ilikuwa inakatika. Ndipo Jayden Daniels wa Washington, kwotabaki (mrusha mpira) wake, ambaye mpaka siku ile ilikuwa haijulikani kama mbavu zake zingemruhusu kucheza, akaurusha mpira juu kwa kubahatisha, ukagongwa na mikono ya watu, ukamwangukia mwenzake Noah Brown aliyesimama nyuma yao peke yake. Yadi 52, kwa pointi 1 kila yadi 25, ni 2.08, na tachidauni (mpira kufikishwa eneo la goli) ya kurusha ni 4. Nikafa kwa 2.68. Mtu aliyeokolewa na mpira wa namna ile anapata wapi ujasiri wa kusema habari za kindi?

Na usiku huu huu Garrett Wilson, mchezaji wangu, amepokea mipira 9 kwa yadi 90 na kufunga tachidauni 2, ambazo kwa ligi yetu ni pointi 30 kamili. Ile ya pili aliidaka kwa mkono mmoja akiwa amelala hewani, mwamuzi akaikataa, kisha picha zikaonyesha kwamba muundi wake uligusa ndani ya mstari. Sebule nzima iliruka kwa mshangao. Mimi nilisimama nikasema kwamba huyo ni wa kwangu, na mtu mmoja kutoka jikoni akajibu: "Kindi je?"

Ninadai afute ile sentensi, na aombe radhi mbele ya mwanangu, akiwa amejimulika tochi ileile.

Dada Mwenye Sebule

Kaka yangu, ilisomwa nyumbani kwangu na mimi nilicheka, siwezi kukuficha. Lakini hatukuicheka timu. Tulicheka kwa sababu ulisimama gizani, peremende mkononi, ukauliza kwa sauti ya ukali: "Kindi gani?" Hapo ndipo mume wangu alipomwaga chai kwenye zulia. Kama unadai kuombwa radhi, na mimi ninadai gharama ya kusafisha zulia.

Nahodha wa Benchi

Wazee walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini wewe limekula hata mbegu. Nimesoma malalamiko yako mara mbili na nimehesabu neno kindi mara nyingi kuliko neno pointi. Mtu mwenye hoja ya pointi huanza na pointi.

Mlinzi wa Yadi ya Kwanza

Ninaanza na kindi kwa sababu ndiko nilikoumizwa. Pointi hazikunitukana.

Mpemba wa Garland

Mimi nimepangwa wa 4, kwa hiyo nafasi yangu sina ugomvi nayo, lakini ninataka kueleweshwa kwa nini mimi ndiye niliyeitwa Popobawa. Katika timu 12 nzima, jina hilo limemwangukia Mpemba pekee aliyemo. Mwaka 1995 nilikuwa mtoto kule kwetu, na tulilala nje ya nyumba kwa makundi, wazee wamekaa macho mpaka alfajiri, kwa hofu ya kitu hicho. Kwetu lile lilikuwa jambo la kuwanyima watu usingizi, na mtu aliyelala kitandani kwake wakati ule asilishike kwa tochi. Boga ni chakula, ndugu yangu. Ungeitwa Popobawa ndipo ungefungua uzi.

Chaguo la Kwanza

Ninyi wote mmeitwa vitu vilivyo hai au vilivyowahi kuwa hai. Mimi ndiye niliyepata bahati ya kuchagua wa kwanza siku ya drafti, yaani ya kugawana wachezaji kwa zamu, nikamchukua Christian McCaffrey wa San Francisco kama ambavyo kila mwenye akili timamu angefanya, na mpaka leo tarehe 31 Oktoba hajanipatia hata pointi 1. Jumatatu ya wiki ya kwanza nilikuwa nimekaa mbele ya runinga na mjomba wangu niliyemwalika makusudi, na ikatangazwa kwamba hachezi. Tangu siku ile ninamlisha benchi. Kamishna akaniita maiti iliyofungwa sanda, akaongeza kwamba sanda yenyewe ni bendeji za kano za kisigino cha McCaffrey. Mtu akucheke kwa uzembe wako sawa, lakini akucheke kwa ugonjwa wa mtu mwingine?

Mwalimu wa Irving

Ninaomba kuchangia kwa upande wa historia. Mchezo huu wa fantasi ulibuniwa mwaka 1962 hotelini New York na Bill Winkenbach, mmoja wa wamiliki wa Oakland Raiders, pamoja na wenzake waliokuwa safarini na timu, na ligi yao ya kwanza ya timu 8 ilifanya drafti mwaka 1963. Ligi nyingi za hapa Marekani zina desturi ya kumpa adhabu anayeshika mkia. Kwa hiyo kukejeliwa kwa timu ya mwisho si uzushi wa kamishna wetu.

Mlinzi wa Yadi ya Kwanza

Mwalimu, ninakuheshimu sana, lakini mimi si wa mwisho. Ni wa 6. Nimeandika hapo juu kwamba ni wa 6. Wa mwisho ni yule aliyeitwa mzuka, na mzuka yule hajaulizwa lolote na kindi yeyote.

Mzuka Mwenyewe

Nimeitwa nikaitika. Ninakiri nilisahau kupanga timu kwa wiki mbili kwa sababu nilikuwa zamu za usiku. Nimefurahi kupata nafasi ya 11 na ninaomba uzi huu usiniharibie.

Baba Mifupa

Na mimi niseme. Niliitwa mifupa mitupu saa moja na robo, na saa nne kasoro C. J. Stroud, kwotabaki wangu, alikuwa ameshaangushwa chini mara 8. Mara nane! Kila alipoinuka nilisikia mtu nyuma yangu akisema mfupa mwingine umevunjika. Texans tupo ugenini, Texas nzima inatazama, na mimi ndiye shabiki pekee wa Houston katika sebule ya watu wa Dallas. Hakuna aliyenifungulia uzi wala kunipa hata sambusa.

Dada Mwenye Sebule

Sambusa zilikuwepo, Baba Mifupa. Ulikuwa umejifunika jezi usoni.

Mgeni wa Wiki ya Tisa

Baba Mifupa, pole, lakini msiba wa usiku huu ni wangu. Pittsburgh na San Francisco wanapumzika wiki hii, nikawa sina wapokeaji, nikaokota Malachi Corley wa Jets saa chache kabla ya mchezo. Akapewa mpira, akakimbia karibu yadi 19 bila kuguswa na mtu, na hatua moja kabla ya mstari wa goli akauachia mpira kwa kusherehekea. Tachidauni yake ya kwanza katika NFL, pointi 6 zangu, vikateleza vikatokea upande wa pili, na mpira wakapewa Houston. Nilikuwa nimeshasimama, mikono juu.

Mlinzi wa Yadi ya Kwanza

Ninaomba turudi kwenye sentensi ile. Mtoto ameamka sasa hivi kunywa maji, akaniuliza tena.

Nahodha wa Benchi

Mgeni, swali langu ni kwamba kwa nini mtu amwokote Corley wakati kulikuwa na wachezaji huru wengine wengi? Hapo aliyeachia mpira ni wewe.

Mpemba wa Garland

Bado sijajibiwa kuhusu Popobawa.

Chaguo la Kwanza

Mpemba, tuzungumze biashara. San Francisco wakimaliza mapumziko McCaffrey huenda akarejea, na wewe una mabeki watatu wa kukimbia wanaocheza kila wiki. Nikikupa McCaffrey pamoja na jina la maiti, ukanipa mmoja wao pamoja na jina la Popobawa, utakataa?

Mpemba wa Garland

Jina ulichukue hata bure usiku huu. Kuhusu beki, niambie kwanza unamtaka yupi.