Grinda ndogo ya inchi 4½: nitoe kava niweke diski ya inchi 7?

Mleta uzi: Wakuu, habari za jioni. Nina grinda mpya ya inchi 4½, wati 850, mizunguko 11,000 kwa dakika. Kazi ni za nyumbani tu: nondo, skwea paipu za geti, na vigae vichache vya jikoni. Fundi wa mtaani anasema diski ndogo zinaisha upesi, bora nitoe kava nifunge ya inchi 7. Nimeijaribisha, tundu linaingia vizuri. Kuna ubaya gani? Na miwani ya kusomea inatosha?

Cheche: Usiiwashe, mkuu. Tundu ni lile lile, milimita 22.23, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Soma diski yenyewe: ya inchi 4½ (milimita 115) kwa kawaida imeandikwa mizunguko 13,300 kwa dakika, ya inchi 7 (milimita 180) imeandikwa 8,500. Zote mbili kikomo chake ni ukingo kwenda mita 80 kwa sekunde. Ukiifunga ile kubwa kwenye mashine ya 11,000, ukingo unapita mita 100 kwa sekunde. Diski ni chembe ngumu zilizogandishwa kwa gundi na wavu wa nyuzi. Ikizidiwa inapasuka vipande, na kava ya kuvizuia ndiyo umeshaitoa. Bledi ya msumeno wa mbao nayo usiifunge humo, hata kama tundu linaingia.

Tazama pia kile kipete cha chuma katikati ya diski, kina tarehe ya mwisho. Gundi huchoka, hasa ikikaa penye unyevu.

Geti Imara: Naongezea linaloumiza wengi zaidi: grinda kupiga teke. Ukiweka skwea paipu juu ya matofali mawili na kukata katikati, paipu inazama, mkato unajifunga na kuibana diski. Mashine inaruka. Funga paipu kwenye jiliwa (kile kibanio cha mezani, vaisi), kata karibu na jiliwa, upande unaodondoka uachwe uning'inie ili mkato ufunguke wenyewe. Mpini wa pembeni uwepo, mikono yote miwili ishike, kava iwe kati yako na diski. Usisimame kwenye mstari wa diski, kaa pembeni kidogo.

Diski ya kukatia ya milimita 1 au 1.6 haitumiki kusagia ubavuni. Kusawazisha weldi tumia ile nene ya milimita 6. Na usikandamize, uzito wa mashine unatosha.

Nondo12: Miwani ya kusomea haitoshi hata kidogo, pembeni iko wazi. Vaa miwani ya kinga iliyofunika pembeni, juu yake ngao ya uso. Kipande cha chuma kikiingia jichoni usifikiche, nenda hospitali. Glavu ndiyo usivae kabisa.

Cheche: Hapo kwenye glavu tutofautiane kidogo. Za nyuzi zilizolegea ni hatari, zinavutwa na diski. Za ngozi zinazobana mkono ni sawa. Shati la mikono mipana, lemba, kamba za kofia, hivyo ndivyo vya kuvua. Nailoni pia, inayeyuka kwa cheche. Mtungi wa gesi na kopo la rangi viondoke kabisa hapo, cheche zinafika mita kadhaa.

Fyuzi: Upande wa umeme: wati 850 kwa volti 230 ni kama ampea 3.7, ekstensheni ya waya wa milimita 1.5 za mraba inatosha. Ila ikunjue yote, ikibaki imeviringwa inapata moto. Saketi ya kazi za nje iwe na breka ya kuvuja umeme ya miliampea 30.

Kuna moja huku kwetu watu wanalisahau. Umeme ukikatika katikati ya kazi, swichi ikiwa imejifunga kwenye kuwaka, ukirudi grinda inaanza yenyewe hapo ulipoiweka. Zima swichi na uchomoe plagi. Kubadili diski vilevile: plagi nje kwanza, na kile kitufe cha kushikilia mhimili kisibonyezwe mpaka diski isimame kabisa. Baada ya kufunga, iache izunguke bure sekunde 30, ukiielekeza mbali na watu.

Mleta uzi: Nimeelewa, ya inchi 7 narudisha dukani. Vigae je?

Geti Imara: Diski ya almasi yenye ukingo usio na mapengo, milimita 115, kava ikiwa palepale. Kata kwa kina kidogo, pita mara mbili au tatu. Fanyia nje na uvae barakoa ya vumbi ya P2 (daraja la kuchuja vumbi laini) au zaidi, maana vumbi la vigae lina silika, linaharibu mapafu. Maji usimwagie grinda ya umeme. Kwa mkato ulionyooka achana nayo kabisa, azima kikatio cha mkono kwa fundi vigae. Grinda ibaki ya kona na matundu ya bomba.