Mafundi, acheni kutuuzia mabanda ya simbilisi yasiyosafishika!

Wakuu, salamu zitangulie, ila uzi huu si wa kubembelezana.

Kila mara inapandishwa humu picha ya banda la simbilisi "la kisasa", rangi inang'aa, bei imechangamka, na chini watu wanagombania namba ya fundi. Hebu liangalieni vizuri banda lenyewe. Ni la sungura, limepunguzwa kimo tu. Mlango hauingizi hata beseni. Sakafu ni plaiwudi tupu au waya. Pembe za nyuma hakuna mkono wala brashi inayozifikia. Mwezi haujaisha banda linanuka, wanyama wanapiga chafya, halafu mfugaji anaambiwa simbilisi ni mnyama mchafu. Simbilisi si mchafu! Banda ndilo halisafishiki, na aliyelipigilia misumari ndiye wa kulaumiwa.

Tuanze na plaiwudi tupu, maana ndiyo inayouzwa zaidi. Mkojo wa simbilisi una madini mengi ya chokaa, ukikauka unaacha utando mweupe mgumu ambao maji matupu hayautoi. Mkojo huohuo unapenya kwenye matundu ya misumari, tabaka za plaiwudi zinavimba na kufumuka, na kuanzia hapo hata umwage ndoo kumi harufu haitoki, kwa sababu imeshaingia ndani ya ubao. Ile harufu inayochoma pua ni amonia. Inaunguza njia ya hewa, na simbilisi ni mwepesi mno kupata nimonia. Msituambie dawa ni kupaka rangi: watatafuna kingo, rangi itabanduka, na wataimeza.

Sasa waya. Wanaouza wanasema kinyesi kinadondoka chenyewe, huna kazi ya kufagia. Nyayo za simbilisi ni ngozi tupu, hazina manyoya kama za sungura. Uzito wa mnyama mzima, karibu kilo moja, ukikaa kwenye waya mchana na usiku, ngozi inachubuka, vijidudu vinaingia, mguu unavimba na kutoa kidonda kigumu kupona. Watoto ndio wanaoumia zaidi. Wanazaliwa na manyoya, macho wazi, na siku hiyohiyo wanakimbia. Mguu ukizama kwenye tundu na mtoto akashtuka, anauvuta mpaka unavunjika. Kumuuzia mtu sakafu hiyo na kuiita rahisi kusafisha ni ukatili.

Na kulitengeneza vizuri si kazi ngumu. Fundi yeyote wa vitanda analiweza kwa siku moja.

Kwa majike wawili, ndani liwe sentimita 120 kwa 60, kimo 40. Fremu ya mbao za inchi mbili kwa mbili, sakafu ya plaiwudi ya milimita 12, na kuta tatu ziwe na ubao wa kimo cha sentimita 20 kuanzia chini. Juu ya hapo ni kofitrei, ule wavu mgumu wa chuma, yenye matundu ya nusu inchi. Waya wa kuku hapana: tundu lake linapitisha kichwa cha mtoto, na panya wanaingia wapendavyo.

Siri ya usafi iko kwenye kapeti la plastiki, lile la kutandika sebuleni. Kata kipande kimoja cha sentimita 160 kwa 105. Kinalala sakafuni na kupanda sentimita 20 kwenye kuta tatu, na mbele kinapanda 25. PEMBE MSIZIKATE. Zikunjeni na mkunjo ubaki nyuma ya kapeti, upande wa ubao. Ukikata pembe umefungulia mkojo njia ya kwenda kwenye plaiwudi, na silikoni haitakuokoa kwa sababu wataing'ata. Simbilisi hawezi kutafuna kapeti lililolala bapa, anatafuna ukingo. Kwa hiyo kofitrei ifungwe upande wa ndani na ishuke sentimita 5 chini ya ukingo wa kapeti, ili meno yakutane na chuma. Ncha za waya zielekee nje.

Upande wa mbele ndiko mafundi wengi wanakoharibu. Uwe wazi wote, sentimita 120 nzima, na ugawanywe mara mbili. Chini ni ubao wa sentimita 20 wenye bawaba kwenye sakafu, unaoangukia nje. Juu ni fremu ya kofitrei yenye bawaba darini, inayofunguka kwenda juu. Zile sentimita 5 za kapeti zilizozidi zinakunjwa juu ya ukingo wa ubao kuelekea nje, kisha fremu ya juu inazikandamiza. Kulisha unafungua juu tu, hakuna anayedondoka. Siku ya usafi unafungua zote mbili, kapeti linalala pamoja na ubao, unakokota uchafu wote kwa skrepa mpaka kwenye toroli. Ndiyo maana miguu ya banda iwe na sentimita 70. Kila mguu usimame ndani ya kopo lenye oili chafu, kwa sababu siafu wakipanda usiku wanamaliza watoto wote. Hiyo oili isipakwe popote ambapo mnyama anafikia.

Jambo jingine ambalo halimo kwenye tangazo lolote: simbilisi hujisaidia anapokula. Wekeni majani na maji upande mmoja, chini yake sinia la plastiki lenye ukingo mfupi, sentimita 40 kwa 55. Uchafu mwingi utaishia humo. Mwaga sinia kila baada ya siku mbili, banda zima mara moja kwa wiki.

Matandiko ni maranda makavu, unene wa sentimita 5 mpaka 7. Vumbi la msumeno linaingia puani. Maranda ya mtarakwa yana harufu kali inayoathiri mapafu, na ya mbao zilizotiwa dawa ni sumu.

Utando mweupe hutolewa na siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, iache dakika 15, kwangua, osha kwa sabuni, suuza, anika. Jiki isikutane na siki wala mkojo: inatoa gesi ya sumu, kwako na kwao. Nimeona humu mtu anafundisha kuchanganya jiki na siki "ili ing'ae zaidi". Futa huo ushauri leo!

Na mnaoezeka bati moja kwa moja juu ya banda kule Dar, Tanga na Morogoro: joto likipita nyuzi 30 simbilisi wanaweza kufa. Acheni nafasi ya upepo na wekeni kivuli.

Kuanzia sasa anayetangaza banda humu aweke picha mbili: sakafu ikiwa tupu, na mlango ukiwa wazi wote. Aandike sakafu imefunikwa na nini na mlango una upana gani. Asiyeweka, msimtumie hata shilingi ya kianzio, na modereta naomba matangazo ya sakafu za waya yaondolewe.