Bastola ya dola 3,800 inakwama, fundi anatujibu eti wateja TUNASHIKA LEGELEGE!

Bushi Tano

Wakuu, mods naomba msiunganishe uzi huu na ule wa "silaha kwa ujumla". Niacheni kwanza nipumue.

Mnamjua. Simtaji, maana nikimtaja ataleta mwanasheria, na hela ya kumlipa mwanasheria wangu anayo yeye. Yule fundi mpya wa 1911 za oda huku Marekani, zile bastola za muundo wa Browning wa mwaka huo, mwenye karakana ya mlango mmoja na nembo kubwa kuliko karakana. Yule wa kupiga picha bastola juu ya gogo, pembeni glasi ya wiski. Watu leo wamemuuliza kwa adabu zote kwa nini bastola zake zinakwama kwenye risasi ya kwanza ya magazini. Akajibu hadharani, kila mtu anasoma: silaha iko sawa, nyie mnashika legelege.

LEGELEGE! Chuma kitupu, mtutu wa inchi 5, kilo 1.1 kabla hujatia risasi hata moja! Kitu kile ukikiangusha sebuleni jirani wa chini anahama, halafu mkono wangu ndio wenye matatizo?

Nieleze kidogo kwa wasiojua. Anachosingizia kipo. Slaidi inahitaji fremu ikamatwe ili irudi nyuma safari yake yote. Mkono ukikubali kurudi pamoja na fremu, slaidi inaishia njiani na ganda linabanwa kwenye dirisha la kutokea. Hilo lipo zaidi kwenye bastola nyepesi za fremu ya plastiki. Sasa chukua hizi zake, jaza magazini risasi bandia zisizo na baruti wala fataki, bana fremu kwenye jiliwa lenye taya za mbao, vuta slaidi, achia. Inakwama palepale. Pua ya risasi imegota kwenye dari ya chemba, kitako kimeng'ang'ania nusu chini ya kikucha kile kinachovuta ganda, slaidi imebaki wazi karibu robo inchi. Hakuna kilicholipuka, hakuna mkono ulioshika mpini. Au jiliwa nalo linashika legelege?

Sababu zinaonekana kwa macho. Vua slaidi, weka mtutu kwenye fremu, usukume nyuma na chini mpaka ukae. Kati ya mteremko wa fremu, pale risasi inapopandia, na mdomo wa nyuma wa mtutu, pale inapoingilia, panatakiwa pawe na mwanya wa 1/32 ya inchi, karibu milimita 0.8. Kwenye hizi zake mdomo wa mtutu umetangulia juu ya mteremko wa fremu. Risasi ikipanda inakuta ngazi. Kikucha nacho: slaidi ikiwa mkononi, telezesha risasi bandia chini yake kutoka chini kwenda juu. Inatakiwa iingie kwa kuisukuma kidogo, ibaki imeshikwa hata ukitikisa polepole. Ya huyu bwana haiingii mpaka kucha yako ing'oke, maana ukingo wa chini wa kikucha umetoka kiwandani ukiwa mkali, hakuna tupa iliyopita.

Na mtu aliyeshindwa kupitisha tupa kwenye ukingo wa milimita mbili ndiye anayetuambia LEGELEGE.

Mkazi wa Kigamboni

Dola 3,800 si milioni tisa na ushee hiyo? Bodaboda tatu mpya, na chenji ya supu inabaki. Mkuu umepigwa na kitu kizito, tena kimepigwa picha juu ya gogo.

Sia na Nyundo

Nakazia. Na huyo mleta uzi hajafika kwenye ubaya wenyewe, ameishia kwenye kukwama. Kukwama kunaudhi tu. Angalieni sefti, kufuli la usalama.

Chemba tupu, magazini nje, hakiki mara mbili. Vuta nyundo nyuma, pandisha sefti ya kidole gumba, kamua triga kwa nguvu kuliko kawaida, achia. Shusha sefti. Nyundo isianguke. Halafu sogeza sikio, vuta nyundo nyuma kidogo sana kwa kidole gumba. Ukisikia "tik", sia, kile kipande kinachoizuia nyundo isianguke, ilijongea wakati sefti iko juu na sasa imerudi mahali pake. Maana yake sefti haikutani vizuri na mkia wa sia, na siku moja haitakutana kabisa. Rudia kwa sefti ya nyuma ya mpini: nyundo nyuma, shika bila kuibonyeza, kamua triga, achia, ibonyeze, sikiliza tena. Mwisho vuta slaidi nyuma kama robo inchi, ishikilie hapo, kamua triga. Nyundo ikianguka wakati slaidi haijafunga, usiipige hiyo bastola, irudishe.

Pale kushoto kuna kibomba kidogo kinachobeba springi ya sefti na ya kizuia slaidi. Kimeshikwa na miguu miwili iliyopita kwenye fremu na kutanuliwa kwa ndani. Kwenye kazi zake nyingi unakitikisa kwa kucha kinacheza. Kikichomoka kidogo, sefti inagoma kushuka. Kwa hiyo legelege ipo kweli, ila ipo kwenye kibomba.

Bushi Tano

ASANTE. Kibomba kinacheza, halafu mkono wangu. MKONO WANGU!

Babu Kahawa

Mkuu Legelege pole sana. Piga push-up kumi asubuhi na kumi jioni, bastola itakubali.

Kasuku wa Juu

Mkuu Legelege uzi bila picha ni chai. Leta picha ya mwanya tuone, na kipimo kionekane.

Odhiambo Dallas

Boss, hebu tulia kwanza. Kwani hujui 1911 za oda huwa tight? Les Baer, fundi wa 1911 kule LeClaire, Iowa, mwenyewe anakwambia piga risasi 500 kwanza kabla hujaihukumu. Hata kufungua bushi ya mbele, ile pete inayoshika ncha ya mtutu, inataka spana. Huyu jamaa mpya mpeeni nafasi, chuma kijizoeze.

Bushi Tano

Odhiambo, hiyo 500 ya Les Baer ni ya nyuso mbili zilizobanana kwa makusudi: slaidi na reli, mtutu na slaidi. Zinasuguana zinakubaliana. Mdomo wa mtutu uliotangulia juu ya fremu hausuguliwi na risasi 500 wala 5,000, risasi ni shaba laini, inaumia yenyewe. Na kikucha kilichokaza kupita kiasi hakijizoezi, kinakunjwa na fundi kwa mkono mpaka kikae, ndiyo maana anaitwa fundi!

Ninachoomba kujua ni kimoja tu. Mwaka 1911 jeshi la Marekani lilipoijaribu bastola ya Browning walipiga risasi 6,000, ikipata moto wanaipooza kwenye maji, haikukwama. Kuna ofisa yeyote aliyesimama akamwambia askari unashika legelege?

Dada Springi

Nacheka ila nina neno la maana. Huyo fundi anaweka springi ya ratili 18.5 kwenye kila bastola ya inchi 5 anayotoa, kwenye video zake anajisifu kabisa. Ya kawaida kwa risasi ya .45 yenye kichwa cha uzito wa greni 230 ni ratili 16. Springi nzito inarudisha slaidi mbele kwa kasi kuliko magazini inavyopandisha risasi, hasa magazini ikiwa imejaa na risasi ya juu imebanwa. Ndiyo maana ni risasi ya kwanza! Badilisha springi kwanza, ni kitu cha dola kumi hivi, kabla hujagusa mteremko. Na jamani msiushambulie mteremko wa fremu kwa msasa. Pembe yake ni digrii 31.5, ukiilaza fremu imeumia, kuirudisha ni kulehemu na kuchonga upya. Kinachorudishwa nyuma ni mdomo wa mtutu, kwa tupa ndogo ya mviringo, taratibu, huku ukiacha kitako cha ganda kina chuma cha kukishika pale chini. Ukizidisha ganda linavimba na kupasuka.

Bushi Tano

Springi sawa. Lakini Dada Springi, yeye hakusema "jaribuni springi ya 16". Tungenyamaza. Alisema LE-GE-LE-GE.

Sia na Nyundo

Hasira ya mwenzetu ni neno lile, chuma kimeshasamehewa.

Mama Minnesota

Mngeuliza kabla ya kutoa amana. Mtengenezaji mpya mdogo anapimika bila hata kushika bastola yake. Kwanza leseni: mtengenezaji anatakiwa awe na leseni ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, ya aina 07. Ya aina 01 ni ya muuzaji na fundi wa matengenezo. Akikupa ya 01 huku anasema "naunda", muulize anaunda nini. Pili fremu na slaidi anazitoa wapi, zimefuliwa au zimemiminwa kwenye kalibu. Kununua kwa mtu mwingine si aibu, wengi wananunua, aibu ni kuficha. Tatu, nyundo, sia na kile kipande cha kukata mawasiliano ya triga ni vya chuma kilichochongwa au ni vya MIM, ule unga wa chuma unaosindiliwa kwenye kalibu na kuchomwa. MIM kwenye bastola ya dola 700 hakuna anayelalamika. Kwenye 3,800 tunakaa kikao.

Nne, karatasi ya shabaha. Wilson Combat, watengenezaji wakubwa wa 1911 za oda, wanakuahidi inchi moja kwa yadi 25 kwenye bastola zao nyingi. Huyu wenu anaahidi "usahihi wa mechi", bila yadi, bila inchi, bila aina ya risasi. Hilo ni tangazo la redio. Tano, nani analipa usafiri ikirudi. Sheria ya shirikisho inakuruhusu umrudishie mtengenezaji moja kwa moja aitengeneze, naye akurudishie mlangoni bila kujaza upya Fomu 4473, ile ya kununulia silaha dukani. Majimbo mengine yana ya kwao, angalieni. Fundi anayejiamini anatuma lebo yake. Huyu anakwambia lipa mwenyewe.

Na anayeunda chini ya 50 kwa mwaka hata ule ushuru wa shirikisho wa 10% wa bastola halipi. Kwa hiyo bei ile ni ya gogo na wiski.

Mkazi wa Kigamboni

Mama Minnesota aandikiwe uzi wake. Huu wa Legelege ufungwe.

Chekaring

Nyie mnalalamikia kukwama, hamjaona nakshi zake mbele ya mpini. Anatoza ziada kwa mistari 25 kwa inchi. Anza chini, hesabu kwenda juu: inaanza imenyooka, ikifika chini ya kinga ya triga inakwenda zake kulia. Vinundu vya umbo la almasi katikati vimechongoka, pembeni ni bapa, yaani tupa ililala. Mistari 25 ikienda kombo inaonekana toka ng'ambo ya barabara. Angechonga 20, mikwaruzo ingemficha.

Odhiambo Dallas

Hapo sasa nakubali. Nakshi mbaya haina risasi 500.

Mzee wa Ala

Mna bahati nyie mmepewa bastola. Kuna fundi wa ala za ngozi za kuvalia bastola kiunoni, na yeye mnamjua, amechukua hela zote mbele, picha ya ngozi mbichi anatuma kila mwezi, ngozi ileile! Ukimuuliza anakwambia ngozi inapumzika. Ikija imekaza mpaka bastola inatoka na mkanda. Ala mpya ya ngozi ikikaza unaifunga bastola tupu kwenye mfuko wa nailoni, unaisokomeza, unaiacha usiku kucha, asubuhi inatoka. Huyu aliwaambia watu wapake mafuta ya kupikia. Ngozi imelainika, inafunika triga kwa kukunjamana. Hatari tupu.

Babu Kahawa

Mafuta ya alizeti au ya mawese?

Mzee wa Ala

Mzee, watu wamepaka ya mawese, ala ikageuka rangi ya machungwa.

Bushi Tano

Wakuu turudi kwenye mada. Nimeirudia video yake moja sasa hivi, na jamaa anaachia slaidi kwa kizuia slaidi ijifunge kwenye chemba tupu, mara kibao, kwa mbwembwe. Fundi wa 1911!

Sia na Nyundo

Sasa hapo ndipo. Meno ya nyundo kwenye triga nyepesi yana urefu wa inchi 0.018 hadi 0.020 tu. Slaidi ikishuka bila risasi ya kuipunguzia kasi, sia inadunda kwenye meno hayo. Ukiona triga ya ratili 3.5 imeanza kubadilika yenyewe, ujue wapi pa kuuliza.

Dada Springi

Hiyo ni imani ya wazee. Chuma kizuri kilichofanyiwa kazi vizuri hakiumii kwa kuachia slaidi. Kinachoua ni kutupia risasi moja ndani ya chemba kwa mkono halafu kufunga slaidi juu yake. Kikucha cha 1911 kimeundwa kitako kipande kutoka chini, ukikilazimisha kiruke ukingo kinalegea au kinakatika.

Sia na Nyundo

Mimi nimesema sia, wewe unajibu kikucha. Soma tena.

Dada Springi

Nimesoma. Weka nyundo ya MIM na ya chuma kilichochongwa pembeni, uachie slaidi kwenye zote mbili, halafu uje na lenzi.

Odhiambo Dallas

Na ile ya kushikilia triga ikiwa imekamuliwa ndio uachie slaidi? Wale wa mashindano wanafanya hivyo.

Sia na Nyundo

Wanafanya kulinda sia, maana yake wanajua inaumia. Dada Springi umeona hilo?

Mzee wa Ala

Kuna mtu ana namba ya fundi ala mwingine yeyote, asiyechukua hela mbele? Upande wa Houston au karibu.

Mama Minnesota

Mzee, njoo inbox. Ila huyo naye foleni yake ni miezi minane, na hapokei oda za wanaotumia mkono wa kushoto.