Mshauri nasaha kwa wanandoa wanaotafuta mtoto: hufanya kazi gani hasa?

Binti_Uluguru ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Mimi na mume wangu tunaishi Morogoro, na tangu tufunge ndoa hatujajaliwa mtoto. Picha ya mirija imeonyesha kwamba mirija yangu yote miwili imeziba, na daktari ametueleza kuwa njia inayobaki kwetu ni upandikizaji wa mimba, yaani yai langu na mbegu ya mume wangu kuunganishwa maabara kisha kurudishwa tumboni. Mbegu za mume wangu zilipimwa zikaonekana ziko sawa, ingawa alikubali kupima baada ya mimi kumaliza vipimo vyote vyenye maumivu, jambo ambalo bado limenikaa rohoni.

Kabla hatujaamua lolote, daktari ametushauri tumwone mshauri nasaha. Mume wangu amekataa. Anasema ushauri nasaha ni wa wanaokwenda kupima VVU, na kwamba mwenye tatizo ni mimi, hivyo niende peke yangu. Mama mkwe naye ameshaanza kumtajia mwanawe mabinti wa kijijini kwao. Naomba kujua kutoka kwa waliopitia: mshauri huyu anafanya nini ambacho shangazi au kiongozi wa dini hawezi kukifanya, na je, kuna faida nikienda bila mume?

Muuguzi_Mstaafu amejibu:

Pole sana, mwanangu. Nimefanya kazi ya uuguzi na unasihi katika kliniki ya uzazi kwa muda mrefu, kwa hiyo nitakueleza yale yanayotendeka chumbani, maana wengi hudhani wataambiwa wavumilie na kumwomba Mungu, kisha warudi nyumbani.

Mshauri anayeijua kazi yake huanza kwa kuwasikiliza nyote wawili pamoja, na mara nyingi huomba pia kuzungumza na kila mmoja peke yake, kwa sababu yapo ambayo mke hatayasema mbele ya mume, na mume vilevile. Baada ya hapo huwasaidia kuamua mambo ambayo daktari hana muda nayo: mtatumia fedha kiasi gani na zitatoka wapi, mtasimama wapi iwapo jaribio halikufanikiwa, viinitete (mayai yaliyorutubishwa) vitakavyobaki mtavifanyaje, na ndugu gani ataambiwa nini. Huwaandaa pia kwa zile wiki mbili za kusubiri kipimo cha mimba baada ya kiinitete kurudishwa tumboni, kipindi ambacho kwa wanawake wengi niliowahudumia kilikuwa kigumu kuliko sindano zenyewe.

Kuhusu mumeo, mwambie jambo hili moja, nalo ni la kivitendo tu. Siku ambayo mayai yako yatavunwa, yeye atapewa kikopo na kuonyeshwa chumba, na mbegu zitahitajika siku hiyohiyo. Nimewaona wanaume wenye afya kamili wakishindwa kutoa chochote kwa hofu na haya, huku mke akiwa bado anaamka kwenye dawa ya usingizi. Angezungumza na mshauri mapema, angejua kwamba hali hiyo ni ya kawaida na kwamba inawezekana kuhifadhi mbegu kwenye baridi kali kabla ya siku yenyewe. Kwa hiyo shughuli hii ni ya watu wawili, hata kama mirija iliyoziba ni yako.

Wala msijione mko peke yenu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya sita hupitia tatizo la uzazi wakati fulani maishani mwake.

Mwinyi_wa_Pwani amejibu:

Sina nia ya kumvunja mtu moyo, lakini nauliza: kwa nini tulipe fedha ili tuzungumze? Kwetu bibi harusi alikuwa na somo wake, yaani mwanamke wa kumfunda, na ndoa ikiyumba wazee walikaa kitako wakasuluhisha. Hata hukumu ya matibabu haya imeshatolewa, kwani Al-Azhar, taasisi kubwa ya Kiislamu ya Misri, ilitoa fatwa mwaka 1980 kwamba yanajuzu iwapo mbegu ni ya mume na yai ni la mkewe, ndani ya ndoa, bila mtu wa tatu. Mwulize sheikh wako, halafu usubiri riziki yako.

Mama_Ngong amejibu:

Shikamoo, mzee wangu. La fatwa ni muhimu, na mshauri mzuri atakuambia mwenyewe umwulize sheikh au padri wako. Tofauti ni kwamba wazee wana haja yao katika jambo hili. Mama mkwe anayetaka mjukuu hawezi kuwa msuluhishi, hata akiwa na hekima kiasi gani.

Mimi na mume wangu tulipitia ushauri hapa Nairobi. Mshauri alimpa kila mmoja wetu karatasi, akatuomba tuandike, bila kuonyeshana, kiasi cha juu cha fedha ambacho tungekubali kutumia. Nilikuwa nimeandika kiasi ambacho kingetulazimu kuuza shamba. Mume wangu aliandika kiasi kidogo mno, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba alikuwa akilipa madeni ambayo hakuwahi kuniambia. Kikao chote kilichofuata kilihusu hilo. Pia tulikubaliana kwamba atakayezungumza na mama yake ni yeye, si mimi, na alifanya hivyo.

Matibabu hayakufanikiwa, tukaacha pale tulipokuwa tumekubaliana kuacha. Nasema haya kwa sababu wapo wanaouza ushauri kama dawa ya kupata mimba, na anayekuahidi hivyo umkimbie. Kwa walio Kenya, ipo sheria ya mwaka 2014 inayohusu washauri nasaha na wanasaikolojia, kwa hiyo ulizeni kama mtu amesajiliwa.

Binti_Uluguru amejibu:

Nawashukuru nyote. Nimemsomea mume wangu yale ya kikopo. Alicheka, kisha akanyamaza, kisha akauliza kama mshauri anaweza kuwa mwanamume. Kwa Morogoro nianzie wapi?

Muuguzi_Mstaafu amejibu:

Anaweza, na ni haki yake kuomba. Anzeni ofisi ya ustawi wa jamii katika hospitali ya mkoa, muwaombe wawaelekeze kwa mwanasaikolojia au mshauri aliyewahi kuhudumia wanandoa wenye tatizo la uzazi. Kliniki mtakayochagua nayo iulizeni kama ina mtu wa namna hiyo, na kama yupo, je, hulipwa kwa kuwashawishi mkubali matibabu? Akichelewa kukubali, wewe tangulia, maana hilo lililokukaa rohoni kuhusu vipimo linahitaji kikao chake. Mtakapokwenda pamoja, bebeni majibu ya vipimo vyenu wote wawili.