Watoto wanaocheza duka wanatufundisha nini?

Muuza sambaza (samaki wadogo kama dagaa), Kadutu, Bukavu: Jana binti yangu wa miaka 4 alikataa kuniuzia “sambaza” zake za majani kwa sababu sikumsalimia kwanza, nikajiuliza ni mara ngapi mimi mwenyewe pale sokoni hutaja bei kabla ya salamu. Wenzangu mmejifunza nini?

Baba Mapacha: Mama, wangu wakikosa mteja hubomoa duka lao la maboksi papo hapo na kulihamishia mlangoni, ilhali mimi niling’ang’ania kibanda kisicho na wateja miaka 2, kwa aibu tu.

Dada wa Vitenge: Tusiwaige katika yote, kwani mwanangu hukopesha kila mtu bila daftari, kisha hulia.

Muuza sambaza, Kadutu: Dada, hapo tunafanana kabisa.